Ombi la Kumstaafisha Kaka Yangu Kazi ya Ushujaa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuwakumbuka Askari Wetu Waliofia Vitani,
Ofisi ya Wilaya, ghorofa ya juu.

YAH: KUTOITIKA KWA MAREHEMU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako na ngazi ninazozipanda kila ninapokuja kukutafuta na kuambiwa umetoka sasa hivi.

Nimepata barua ya Kamati yako inayonitaka, mimi nikiwa msemaji wa familia, nieleze kwa maandishi kwa nini kaka yangu hakuitika jina lake lilipoitwa kwenye kumbukumbu ya mwaka jana. Barua inaendelea kusema kwamba askari aliyeitwa asiitike amehesabiwa kuwa hayupo, na kwamba pasipo maelezo ya kuridhisha jina lake halitasomwa tena, ili kuokoa muda wa mgeni rasmi. Nimeisoma, nikairudia. Nikampa na jirani yangu muuza viatu aisome, maana nilidhani macho yangu yamechoka kwa kutunga uzi kwenye sindano.

Maelezo ya familia ni haya: kaka yangu hakuitika kwa sababu amekufa. Tulidhani Kamati inazo habari hizo, kwa kuwa ndizo zilizofanya Kamati iundwe.

Lakini sikukaa chini kuandika ili tubishane. Nimeandika kukubali, tena nawaomba mwende mbali zaidi. Msiishie kuliruka jina lake. Mstaafisheni kabisa kazi ya ushujaa, mumrudishe nyumbani akiwa mtu wa kawaida kama alivyoondoka. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mnalo, na mmelitumia kuliko tulivyowahi kulitumia sisi tuliompa. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kwamba kazi zimemzidi.

Kaka yangu alikuwa dereva wa gari la maji jeshini. Kila mwaka jeshi lilimpa likizo. Alikuja na begi la nguo chafu, akalala mpaka jua la mchana limchome miguu kupitia dirishani, akaamka akauliza kama kuna chochote cha kula. Likizo ikiisha alirudi kazini amenenepa, na sisi tumekonda. Tangu afariki na kuajiriwa na Kamati yako, hajapumzika hata siku moja. Amezindua daraja. Amezindua vyoo vya stendi. Ligi ya mpira ya wilaya inagombea kombe lenye jina lake, ingawa alipokuwa hai hakuna timu iliyokubali kumpanga hata akiba. Wakati wa uchaguzi alipanda majukwaa ya vyama vyote, na kila chama kikaapa kwamba angekuwa hai angekipigia kura chenyewe.

Kibaya zaidi, mnamtuma kufunga watu midomo. Tulipokuja kuuliza kwa nini zahanati haina dawa, bwana mmoja wa ofisini kwako alitusimamisha mlangoni akatuuliza kwa uchungu kama wale vijana waliomwaga damu yao waliwahi kulalamika. Tukainamisha vichwa tukarudi na wagonjwa wetu. Tulipofika barabarani ndipo nilipokumbuka kwamba kaka yangu alilalamika. Alilalamika maisha yake yote. Alilalamikia viatu vya jeshi, blanketi la jeshi, chakula cha kambini na mtu aliyelala kitanda cha juu yake. Katika barua zake salamu zilikuwa mstari mmoja, na zilizobaki zote zilikuwa malalamiko. Mimi ninayekuandikia ni mwanafunzi wake tu, tena wa darasa la chini.

2. Kwamba amefinyangwa vibaya.

Kibanda changu cha kushonea kinatazamana na ule mzunguko wa barabara mlikomsimamisha askari wa saruji, kwa hiyo kila ninapoinua kichwa kutoka kwenye cherehani ndiye ninayemwona. Mlitangaza kwamba anawawakilisha wote waliotoka wilaya hii wasirudi. Fundi aliyemfinyanga, ambaye kazi yake ya siku zote ni masinki ya kufulia na nguzo za varanda, aliomba apewe picha za vijana wenyewe. Akaambiwa picha zitachelewesha kazi. Badala yake akapewa Makamu Mwenyekiti, ambaye alikuwa na nafasi mchana huo, asimame mbele yake akodoe macho. Ndiyo maana askari wetu ana mashavu, na mkanda wake unapita chini ya kitambi kilichotunzwa vizuri. Miguu fundi aliitengeneza kwa uzoefu wake, na inaweza kubeba paa.

Koti nalo limefungwa vifungo upande wa kike. Najua ni jambo dogo, na labda hakuna anayeliona isipokuwa mimi ambaye mkate wangu uko kwenye vifungo. Nilimweleza Makamu akanijibu kwamba adui haangalii vifungo. Ni kweli. Adui hajawahi kufika kwenye mzunguko wetu, na wanaolitazama koti hilo kila siku ni mama zao.

Sina ugomvi na yule muuza mitumba anayetundika suruali kwenye bunduki, kwa hiyo msimfukuze kwa kisingizio cha barua yangu. Kila asubuhi kabla hajatundika humfuta askari vumbi kwa kitambaa, usoni kwanza, kisha mabega. Ninyi humwosha mara moja kwa mwaka, kwa bomba la gari la zimamoto.

3. Kwamba hotuba haiachi kukua.

Mwaka wa kwanza mlisema kaka yangu alikufa gari lake liliposhambuliwa. Ilikuwa kweli, tukashukuru. Mwaka uliofuata akawa mbele ya msafara. Baadaye akawa amembeba mwenzake aliyejeruhiwa. Mwaka jana aliwabeba wawili, mmoja kila bega, na kwa kuwa mikono haikubaki, bendera aliishika kwa meno. Kwa mwendo huu mwakani atashinda vita peke yake, na itabidi tuwaulize wazazi wa wale wengine watoto wao walikwenda kufanya nini kule.

Mheshimiwa, habari ya kweli haikuhitaji chumvi. Wenzake walikuwa na kiu, maji yalikuwa kwenye gari lake, na barabara ilikuwa inapigwa. Askari mwenzake aliyekuja kutupa pole alikaa kwenye kiti wanachokalia wateja wangu, akaikunjakunja kofia yake mpaka ikawa ndogo kama leso, akatuambia: "Aliogopa. Sote tuliogopa. Alienda chooni, akarudi, akawasha gari akaenda."

Hilo ndilo ninalojivunia. Nalipenda kuliko bendera na meno yake. Nikiwa na huzuni nalirudia, na nikiwa na mashaka yangu mwenyewe nalirudia pia, kwamba aliogopa akaenda. Lakini hotuba yenu inasema hakujua woga ni nini. Kaka yangu aliijua kazi ya kuogopa vizuri sana. Aliogopa sindano. Aliogopa shangazi yetu. Mbwa ndio usiseme, aliwaogopa wa kila umbo. Siku moja, akiwa ndani ya magwanda ya jeshi tena mbele za watu, alipanda juu ya boneti ya lori kwa sababu ya kitoto cha mbwa kilichokuwa kinamtikisia mkia.

4. Kwamba mnakaa na mali ya familia.

Mama anaishi nami, chumba cha nyuma ya kibanda. Ni mtu mzima sasa, na mambo mengine yanamponyoka. Juzi nilimsikia akimwambia mteja aliyeleta sketi ipunguzwe kwamba mwanawe, tangu utotoni, hakuwahi kuogopa kitu. Nikamkumbusha kwa upole habari ya kitoto cha mbwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mgeni rasmi, akasema Mwenyekiti mwenyewe alisema kwenye spika, na watu wote walisikia.

Niliumia, Mheshimiwa. Niliumia kuliko siku ile tulipoletewa habari, maana siku ile aliyekufa tulikuwa tunamjua. Sasa ndani ya nyumba moja, tena ndogo, tuna marehemu wawili. Kuna wangu anayelala mpaka mchana, na kuna wenu mwenye bendera mdomoni, na wenu ndiye anayeshinda kwa sababu ana kipaza sauti. Mama akimsahau yule wa kwetu nitabaki naye peke yangu, na siku nitakapoondoka mimi hatabaki na mtu. Mwizi aliwahi kuingia kwetu akabeba redio, lakini walau hakutuachia redio nyingine inayosema mambo tusiyoyajua. Anayekaa na mali ya watu asiirudishe ana jina lake mahakamani, na nimejizuia kulitaja kwa kuwa naiheshimu ofisi yako.

5. Kwamba sasa ni mtoro.

Hapa ndipo penye barua yenu. Kwa faida ya wajumbe wapya ambao huja uwanjani wakati wa soda, nieleze utaratibu. Sajini mstaafu, mliyemkabidhi kipaza sauti, huwaita marehemu kama yuko gwarideni, namba kwanza, kisha cheo, kisha jina. Ndugu wa marehemu husimama akaitika, "Yupo." Asiyeitikiwa, Sajini hutangaza kwamba hayupo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kambini na hakuna aliyemwambia kwamba kwa watu wa aina hii ingefaa kulegeza kidogo. Desturi hii aliianzisha mwenyewe, na miaka yote alikuwa akiita taratibu.

Mwaka jana mgeni rasmi alikuwa na utepe mwingine wa kukata kwingine, na dereva wake hakuzima hata injini. Sajini akanong'onezwa aharakishe. Naye ni mtu wa amri. Majina yakaanza kumwagika kama mahindi kwenye mashine.

Mama ana goti. Kusimama kwake kuna taratibu zake: kwanza mkono kwenye bega langu, kisha fimbo, kisha avute pumzi. Jina letu lilipoitwa alikuwa amefika kwenye fimbo. Mtaniuliza kwa nini sikuitika mimi mwenye magoti mazima. Mama amenikataza. Tangu mwaka wa kwanza alisema jina lile ni lake kuitikia, na aliponiona nafungua mdomo alinifinya bega. Alipokwisha kusimama na kusema "Yupo", Sajini alikuwa ameshafika kwenye jina la mtoto wa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga. Basi mtoto wa mwenye mashine akaitikiwa mara mbili, na mama yake na mama yangu wakabaki wamesimama, wakitazamana kama watu waliogombea kiti kimoja. Wetu alikuwa ameshatangazwa hayupo, na sauti ya spika ilifika mpaka sokoni.

Nimewauliza wastaafu maana ya jambo hilo jeshini. Wameniambia kwamba askari anayeitwa asiitike, wala hana ruhusa, ni mtoro. Kwa hiyo kaka yangu alikufa akiwa kazini, akazikwa kwa heshima za kijeshi, akatulia miaka yote hii, kisha mwaka jana akatoroka. Nataka kujua ametorokea wapi, kwa sababu huku hajafika. Na kama ametoroka, kanuni zenu zinawataka mumtafute. Mtafuteni kwa bidii. Mkimpata msimfungie ndani, mleteni kwetu, adhabu yake nitaisimamia mwenyewe. Kuna begi la nguo chafu aliloacha akisema atalifua akirudi.

6. Kwamba, kwa hayo yote, familia imekubali.

Wilaya yetu haina kiwanda, Mheshimiwa. Vinavyotoka huku kwenda mbali ni mahindi na vijana. Gunia moja la mahindi likipotea njiani, dereva hupigiwa simu, utingo huhojiwa, na turubai hufunguliwa. Kwa hiyo sioni ajabu kwamba na ninyi mmeamua kuuliza. Ila mmemuuliza mtu asiye sahihi.

Basi naomba jina la kaka yangu lifutwe kwenye gwaride la Sajini, likwanguliwe kwenye nguzo ya sanamu, litoke kwenye kombe na kwenye vyoo vya stendi, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Naomba hotuba isimtaje. Naomba apewe barua ya kustaafu yenye mhuri, ili siku akiitwa tena kuzindua kitu tuwe na cha kuonyesha mlangoni. Na vitu vyake vyote vya asili arudishiwe akiwa anaondoka, yaani woga wa mbwa, uvivu wa asubuhi, manung'uniko, na sauti yake ya kuimba iliyowahi kufukuza wapangaji.

Nafasi yake isiwatie wasiwasi. Napendekeza achukue Makamu Mwenyekiti. Sura yake tayari iko kwenye nguzo, kitambi kimeshapimwa, na hotuba za kishujaa anazijua kwa moyo. Limebaki sharti moja tu ambalo bado hajalitimiza, na kwa hilo mimi sina haraka, aamue mwenyewe na familia yake.

Nikiwa na matumaini kwamba ombi hili halitapotea njiani kama yale ya zahanati, nakutakia kazi njema. Nisalimie Makamu, umwambie akipita mzungukoni asimame kidogo ajitazame. Msalimie Sajini, sina kinyongo naye, alikuwa anatii. Msalimie yule dada anayechapa barua zenu, ambaye nadhani aliandika ile ya kwangu huku anasikitika, maana karatasi ilikuwa na herufi zilizorukwa. Msalimie fundi mitambo wa spika, mtu wa zimamoto, na dereva wa mgeni rasmi, injini yake ipumzike. Mama mwenye mashine ya kusaga nitamsalimia mwenyewe. Tangu siku ile amekuwa mtu wetu.

Ni mimi, mkabala na sanamu,

Fundi cherehani,
Dada wa mtoro.

Nyongeza: Mheshimiwa, nilipomaliza kuandika mama alitaka asomewe, kwa kuwa anayezungumzwa ni mwanawe. Nikamsomea yote, yeye ameweka mguu juu ya kigoda. Kwenye kitambi cha Makamu alitikisa kichwa. Kwenye kitoto cha mbwa alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanisahihisha. Haikuwa kwenye boneti, kaka alipanda mpaka juu kabisa ya lori, na ilibidi waite watu wenye ngazi. Basi hajasahau kitu. Nikamuuliza kwa nini basi huwapa wateja ile habari ya spika. Akasema wateja wanaipenda ile, na yule wa kweli yeye hapendi kumgawa kwa watu waliokuja kupunguza sketi.

Nilipofika kwenye kulifuta jina hakucheka tena. Alilishika goti lake kwa mikono miwili, akasema: "Mwanangu, mwaka mzima hakuna anayemwita. Hata wewe unamwita marehemu. Pale wanamwita jina lake lote, kama vile yuko hapo nje tu, na mimi ndiye ninayeitika. Wakilifuta, nitaitika wapi?"

Nikachukua kalamu tena. Kwa hiyo naomba barua hii uichukulie kama haikuandikwa, kuanzia salamu mpaka sahihi. Kaka yangu asistaafu. Aendelee kuzindua mnavyotaka, bendera aishike kwa meno hata kwa vidole vya miguu, na vyoo vibaki na jina lake pande zote mbili. Na kama Kamati bado inataka maelezo ya kuridhisha, andikeni kwamba familia ilichelewa, na familia inaomba radhi.

Ila jina lake lisomwe. Na Sajini akishaliita, asiseme hayupo. Asubiri kidogo, mama anasimama.